Frigg: Safari Kwenye Eneo la Gesi Lililofungwa

Gesi asilia iliyo chini ya bahari ni mali ambayo mwisho wake hujulikana tangu inapogunduliwa, kwa kuwa mwamba unaoihifadhi una ujazo wenye kikomo na kinachotoka kisimani hakirudi tena, ingawa watu wanaoishi kwa mali hiyo hawapendi kuutaja mwisho huo. Katika pwani ya Tanzania, ambako gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kufika Dar es Salaam mwaka 2004, na ambako gesi nyingi zaidi iliyopatikana katika kina kirefu cha bahari mbele ya Lindi na Mtwara bado inasubiri kuchimbwa, mazungumzo karibu yote huhusu mwanzo: nani atawekeza, bomba litapita wapi, vijana wangapi watapata kazi. Makala haya yanafuata safari iliyoelekea upande wa pili wa habari hiyo, katika miji ya Norwei na Uskoti iliyoishi na eneo la gesi la Frigg kwa miaka 27 ya uhai wake, kisha ikalipokea tena nchi kavu likiwa vipande vya chuma.

Frigg, lililopewa jina la mke wa Odin katika imani za kale za watu wa Skandinavia, liko katika Bahari ya Kaskazini, kilomita 230 hivi kaskazini-magharibi ya mji wa Stavanger, mahali ambapo maji yana kina cha mita 100 hivi. Chini ya sakafu ya bahari, kwa kina cha karibu kilomita mbili, kuna tabaka nene la mchanga ulioshikamana ukawa jiwe, na gesi ilikuwa imejibana katika vinyweleo vya jiwe hilo kwa mamilioni ya miaka. Kundi la kampuni zilizoongozwa na Elf ya Ufaransa liliigundua mwaka 1971. Uzalishaji ulianza Septemba 1977, gesi ikapelekwa Uskoti kwa mabomba mawili yenye kipenyo cha inchi 32 na urefu wa kilomita 360 hivi, na katika miaka yake ya nguvu Frigg ilikuwa ikiipa Uingereza karibu theluthi ya gesi iliyoitumia. Tarehe 26 Oktoba 2004 visima vilifungwa. Leo, meli inayopita mahali hapo huona nguzo za zege zilizosimama katikati ya maji, zenye taa za kuwaonya mabaharia, bila jengo lolote juu yake.

Stavanger, mji ambao safari ilianzia, haukuzaliwa na mafuta wala gesi. Kabla ya mwaka 1969, lilipogunduliwa eneo kubwa la mafuta la Ekofisk, mji huu uliishi kwa samaki wadogo waliofukizwa moshi na kutiwa makoponi, na makumi ya viwanda vyake viliajiri wanawake wengi, waliowapanga samaki hao kwa vidole siku nzima. Mji mkongwe wenye nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyeupe bado upo, na kimojawapo cha viwanda hivyo kimegeuzwa makumbusho. Msafiri alipouliza habari za zamani, mama mmoja mwenye duka la mikate alieleza kwamba bibi yake alijulikana mitaani kwa harufu ya moshi wa samaki isiyotoka nguoni hata zikifuliwa, na kwamba familia haikuionea haya harufu hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyosomesha watoto. Mama huyo alizungumzia kufa kwa viwanda vya samaki na kusitishwa kwa Frigg kwa sauti ileile, kama mtu anayehesabu mavuno mawili ya shamba moja, na utulivu huo wa kukubali kwamba kazi huja na kuondoka ulimgusa sana mgeni atokaye katika mwambao ambao bado unaisubiri gesi kana kwamba ikija haitaondoka.

Makumbusho ya Petroli ya Norwei yako ukingoni mwa bandari, katika jengo ambalo ukilitazama kutoka majini linafanana na majukwaa ya kuchimbia. Jukwaa, kwa maana inayotumika katika kazi hii, ni jengo lililosimama baharini kwa miguu ya chuma au ya zege iliyofika sakafuni, ambalo juu yake huwekwa mitambo ya kuchimba, ya kuchakata gesi au vyumba vya kulala wafanyakazi. Makumbusho hayakuficha gharama ya utajiri huo. Sehemu moja inahusu jukwaa la malazi la Alexander L. Kielland, lililopinduka jioni ya tarehe 27 Machi 1980 na kuua watu 123, na mbele yake wageni husimama kimya muda mrefu kuliko mbele ya mashine zote. Nje ya jengo, mabaki ya kazi hiyohiyo yametengenezwa kuwa uwanja wa michezo, ambapo vijana huteleza kwa ubao wenye magurudumu na watoto wadogo hupanda juu ya maboya na vipande vya mabomba, huku wazazi wao wakinywa kahawa pembeni. Ni vigumu kuonyesha kwa uwazi zaidi jinsi jamii inavyoweza kuishi karibu na mabaki ya kazi yake bila kuyaficha.

Mji huu pia unamkumbuka mgeni mmoja aliyeusaidia kufikiri. Farouk Al-Kasim, mwanajiolojia mzaliwa wa Basra nchini Iraki, alihamia Norwei mwaka 1968 kwa sababu mwanawe mgonjwa alihitaji matibabu, akaajiriwa na wizara iliyohusika na viwanda wakati nchi hiyo ilikuwa na watumishi wachache sana wanaoelewa petroli, na akashiriki kuandaa misingi ya sera ambayo baadaye ilisifiwa duniani. Kwa Waafrika Mashariki waliozoea kusikia kwamba utaalamu hushuka kutoka Ulaya kwenda kusini, yafaa ijulikane kwamba katika jambo hili Norwei yenyewe ilifundishwa na mtu aliyetoka katika nchi iliyokuwa imeonja mapema uchungu wa kuchimbiwa mali yake na wengine.

Ujenzi wa Frigg ulianza kwa hasara. Mwaka 1974, miguu ya chuma ya jukwaa la kwanza la kuchimbia, lililoitwa DP1, ilikokotwa hadi mahali pake ili isimamishwe kwa kuingiza maji polepole katika matangi yaliyoifanya ielee, lakini baadhi ya matangi yalishindwa kuhimili nguvu ya maji, muundo ukaharibika, na ukabaki pale bila kutumika kamwe. Nafasi yake ilichukuliwa na jukwaa la zege, CDP1. Zege lilipendwa zama hizo kwa sababu jukwaa la aina hiyo liliweza kujengwa ndani ya hori, yaani mkono wa bahari uingiao kati ya milima, ambamo maji ni matulivu na ya kina, kisha likakokotwa likielea hadi baharini na kukalishwa sakafuni kwa uzito wake mwenyewe. Uzito huo ulihesabiwa kwa malaki ya tani. Hakuna mtu aliyekuwa akifikiria sana jinsi ya kuuondoa, na jambo hilo ni la kusikitisha, kwa sababu wahandisi waliokokotoa kwa uangalifu mkubwa namna mnara wa zege utakavyostahimili mawimbi makubwa ya majira ya baridi wangeweza, kwa uangalifu uleule, kukokotoa namna utakavyoelea tena.

Jambo jingine la Frigg lilikuwa mpaka. Mstari unaotenganisha bahari ya Norwei na ya Uingereza ulipita juu ya eneo hilo, na gesi, ikiwa ni kitu kinachosogea ndani ya mwamba kuelekea kila kisima kinachofunguliwa, haifuati mistari ya ramani. Nchi moja ikichimba peke yake huvuta pia mali ya jirani. Kwa hiyo nchi hizo mbili zilitia saini mkataba tarehe 10 Mei 1976, zikakubaliana kulichimba eneo lote kama mali moja na kugawana kwa uwiano wa asilimia 60.82 kwa Norwei na 39.18 kwa Uingereza, tarakimu ambazo ndani yake mna hoja nyingi za wanajiolojia. Jukwaa la malazi lilikuwa upande wa Uingereza, na madaraja yaliliunganisha na majukwaa ya kuchakata gesi, moja likiwa ng'ambo ya mpaka. Mzee mmoja wa kisiwa cha Stord, aliyefanya kazi huko akiwa fundi wa mitambo, alimweleza msafiri kwamba kwa miaka mingi alilala Uingereza, akanywa kahawa ya asubuhi Uingereza, kisha akavuka daraja la chuma kwenda kazini Norwei, na kwamba wapishi, kwa sababu kampuni iliyoongoza ilikuwa ya Wafaransa, waliwalisha vizuri kuliko jukwaa lolote jingine alilowahi kufanyia kazi. Simulizi la mzee huyo linahusu pia maeneo ya kwetu, kwa maana bonde la Ruvuma lenye gesi linavuka mpaka wa Tanzania na Msumbiji, na kati ya Tanzania Bara na Zanzibar suala la mafuta na gesi lilizungumzwa miaka mingi kabla ya kuwekewa sheria.

Namna Frigg ilivyofungwa haieleweki bila kufika Mekjarvik, gati lililo kaskazini kidogo ya Stavanger, ambalo sehemu yake imejengwa juu ya vipande vya Brent Spar. Brent Spar lilikuwa tangi kubwa la kuhifadhia mafuta baharini, na mwaka 1995 kampuni ya Shell, kwa idhini ya serikali ya Uingereza, ilitaka kulizamisha katika kina cha bahari ya Atlantiki. Wanaharakati wa Greenpeace walilipanda na kukaa juu yake, wananchi wa nchi kadhaa za Ulaya wakasusia vituo vya mafuta vya kampuni hiyo, na mpango ukaachwa. Tangi likavutwa hadi katika hori ya Norwei, likakatwa kama pete, na pete zikawa msingi wa gati. Miaka mitatu baadaye, mwezi Julai 1998, nchi zinazopakana na Atlantiki ya kaskazini-mashariki zilikutana Sintra, Ureno, chini ya mkataba wa OSPAR, yaani mkataba wa kuilinda bahari hiyo, zikakubaliana kwamba mitambo ya baharini isitupwe wala kuachwa mahali pake, isipokuwa katika hali chache zinazoweza kuombewa ruhusa, mojawapo ikiwa ni miguu ya zege. Malori hupita juu ya gati hilo siku nzima, na wavulana huvua samaki pembezoni mwake.

Kusitisha eneo la gesi ni mlolongo wa kazi ambao wageni wengi huudhani kuwa ni kubomoa tu. Kwanza huzibwa visima: saruji humiminwa ndani ya bomba la kisima katika vina mbalimbali hadi mwamba uzibike kama ulivyokuwa kabla haujatobolewa, kisha sehemu ya juu ya bomba hukatwa chini ya sakafu ya bahari. Kazi hii hukawia na hugharimu sana, na kosa lake halionekani mpaka gesi ianze kupenya baada ya miaka. Baada ya visima husafishwa mitambo na mabomba, ili mafuta, zebaki na mabaki yenye mnururisho wa asili yasimwagike, na ndipo majengo ya juu hunyanyuliwa kwa kreni au kukatwa vipande vidogo vidogo hukohuko baharini. Mwisho ni miguu. Kwa Frigg, mpango ulioidhinishwa na serikali zote mbili mwaka 2003 uliamuru chuma chote kiondolewe, ikiwemo ile miguu ya DP1 iliyoharibika 1974, lakini miguu mitatu ya zege iachwe. Hoja iliyoshinda ilikuwa usalama wa wafanyakazi, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuthibitisha hali ya kuta za ndani baada ya miongo mitatu, na muundo ambao ungepasuka wakati wa kuelea ungeweza kuua watu. Hoja hiyo ina uzito na haifai kubezwa. Hata hivyo ilitokana na uamuzi wa miaka ya 1970, na waliofanya uamuzi huo hawakuwa tena mezani.

Vipande vilivyotoka baharini kati ya mwaka 2005 na 2010 vilipelekwa Lerwick katika visiwa vya Shetland na Stord nchini Norwei. Stord ni kisiwa cha misitu ya misonobari na mawe ya kijivu, chenye kiwanja kikubwa cha ujenzi ambacho kreni zake huonekana mbali kuliko mnara wa kanisa. Siku ya Alhamisi, kwa desturi ya pwani ile ya magharibi, migahawa hupika madonge ya viazi vilivyokunwa, yakaliwa na nyama ya kondoo iliyotiwa chumvi, na msafiri alialikwa katika meza ya wastaafu waliokuwa wakiyala kwa utaratibu wa watu wanaokutana kila juma. Pembeni paliwekwa samaki aina ya chewa aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa juani na upeponi, na mtu wa Kilwa angemtambua mara moja kuwa ni ndugu wa ng'onda. Wastaafu hao walifurahi kusikia kwamba watu wa Bahari ya Hindi humpasua samaki vilevile, na mazungumzo kuhusu chumvi yakachukua nusu saa kabla gesi haijatajwa.

Ilipotajwa, mzee yule fundi alisema kwamba shida kubwa ya kubomoa haikuwa ukubwa wa chuma. Ilikuwa kutojua. Katika miaka 27 mitambo ilirekebishwa mara nyingi, bomba likahamishwa hapa, ukuta ukaongezwa pale, na si kila badiliko lilichorwa; kwa hiyo mkataji aliyekuja mwishoni na moto mkononi alilazimika kuuliza ukutani kuna nini, kama ni asbesto, kama bomba bado lina mgandamizo ndani, na mara nyingi mtu pekee aliyekuwa na jibu alikuwa mstaafu aliyepigiwa simu nyumbani. Mwenzake alikumbuka harufu. Miguu ya chuma iliyokaa baharini miongo mitatu hufunikwa na kome, mwani na viumbe vingine, na vikianza kuoza nchi kavu wakati wa joto la kiangazi, jirani hafungui dirisha. Walikuwa wakieleza haya bila malalamiko, lakini mtu mwenye kuwajibika kwa visiwa vya Songo Songo na vijiji vya Mtwara anapaswa kuyaandika, kwa sababu yanaonyesha kwamba kufunga kwa usalama kunategemea karatasi zilizotunzwa na watu waliokumbukwa tangu mitambo ikiwa mipya.

Sehemu moja ya historia hiyo ina sura ya kupendeza. Eneo dogo lililoitwa Frigg Kaskazini-Mashariki, lililokwisha mapema katika miaka ya 1990, liliendeshwa kutoka katika mnara mmoja usiokaa watu. Sitaha yake ililetwa Stord ikawa mahali pa kufundishia, na nguzo yake ikapelekwa Tau, ng'ambo ya hori kutoka Stavanger, ikawa kizuizi cha mawimbi katika bandari ya mashua ndogo. Huko Tau watu walikuwa wakipaka rangi mashua zao nyuma ya nguzo hiyo, na kijana mmoja aliyeulizwa kuhusu asili yake alijibu kwamba ameikuta pale tangu utoto wake.

Kiwanja cha Stord hakikufa. Wakati wastaafu wanakumbuka kubomolewa kwa Frigg, vijana wanajenga sehemu za mradi wa Yggdrasil, ulioidhinishwa mwaka 2023 na kuongozwa na kampuni ya Aker BP, ambao utachimba mafuta na gesi katika bahari ileile ya jirani na Frigg, kwa umeme utakaoletwa kwa waya kutoka nchi kavu. Mwaka huohuo kampuni hiyo ilitangaza kupata mafuta mengi katika eneo la Frigg Mashariki, mahali palipohesabiwa kuwa pamekwisha, na takwimu za visima vya zamani zilikuwa bado zimetunzwa. Mtu anayejali hali ya hewa ya dunia atasikitika kwamba kilichofungwa kinafunguliwa, na masikitiko hayo ni ya haki. Lakini hata yeye hawezi kukataa kwamba nchi iliyotunza kumbukumbu zake ndiyo yenye uwezo wa kuchagua.

Shetland ilimpokea msafiri kwa upepo uliokuwa ukilaza majani ya mlimani. Visiwani humo hakuna miti mingi, kuna kondoo, nyumba za mawe, na katika vijiji vidogo kabisa kuna mabwawa ya kuogelea yenye paa, ambamo watoto hujifunza kuogelea bahari ikiwa baridi isiyoingilika. Mabwawa hayo yana asili yake katika ujasiri wa halmashauri ya mahali, ambayo mwaka 1974, kabla mafuta hayajafika katika ghuba ya Sullom Voe, ilipata sheria maalumu ya Bunge iliyoipa mamlaka juu ya bandari, ikaweza kuzidai kampuni malipo na kuyaweka katika mfuko wa wananchi. Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa nayo hupokea ushuru wa huduma kutokana na gesi ya Songo Songo, na wananchi wa Mtwara, walioandamana mwaka 2013 kupinga bomba la kwenda Dar es Salaam, walikuwa wakiuliza swali walilouliza Washetland miaka 40 kabla yao: mali ikipita hapa, nini kitabaki hapa? Tofauti iko katika wakati. Washetland waliuliza kabla ya bomba kulazwa, wakapewa jibu katika sheria. Mtwara iliuliza mradi ukiwa tayari umeanza, na watu wakaumia.

Bomba la Frigg linatoka baharini katika kijiji cha St Fergus, pwani ya mashariki ya Uskoti, nyuma ya vilima vya mchanga ambavyo juu yake hukua nyasi ngumu. Anayetarajia kuona mwisho wa jambo hapa hatauona. Mabomba yaliishi muda mrefu kuliko eneo lililoyazaa, kwa kuwa moja liliunganishwa mwaka 2001 na gesi ya Norwei itokayo upande wa Heimdal, jingine likachukua gesi ya maeneo ya Uingereza, na mitambo ya kupokelea bado inanguruma katikati ya mashamba ya shayiri na ng'ombe weusi. Mwanakijiji mmoja alisema kwamba wazazi wake walipika kwa makaa ya mawe, kisha ikaja gesi, na katika miaka kumi iliyoishia 1977 majiko ya nchi nzima yalibadilishwa, fundi akigonga mlango hadi mlango, ili yapokee gesi ya bahari. Dar es Salaam, iliyopata gesi miaka mingi baadaye, imeitumia hasa kuzalisha umeme na kuendesha viwanda, huku wengi wa wapishi wake wakiendelea kununua mkaa, na hakuna fundi anayegonga milango. Pengo hilo haliwezi kuelezwa kwa umaskini peke yake, maana Uingereza ililiamua jambo lile kama kazi ya taifa na kulitengea watu.

Peterhead, mji wa wavuvi ulio jirani, huamka kabla ya jua, na soko lake la samaki hujaa masanduku ya barafu na sauti za wanunuzi. Nahodha mstaafu, aliyemkaribisha msafiri kwa supu nzito ya samaki wa kufukizwa, viazi na maziwa, hakuwa na chuki na gesi, kwani wanawe wawili waliajiriwa nayo, lakini aliyajua mabaki ya baharini kwa namna ambayo haimo katika ripoti. Alisimulia habari ya Westhaven, mashua ya uvuvi ambayo mwaka 1997 wavu wake wa kukokota ulinasa katika bomba chini ya bahari, ikazama na watu wake wote wanne. Kutokana na msiba huo mashua nyingi leo zina kifaa katika chumba cha nahodha kinachotoa onyo zinapokaribia bomba au muundo uliozama, na orodha ya vitu hivyo huhuishwa kila mara. Nahodha alikuwa na swali moja kuhusu nguzo za Frigg, ambazo kwa makadirio ya wahandisi zitasimama karne kadhaa kabla ya kubomoka zenyewe: taa iliyo juu yake itabadilishwa na nani, kampuni zikishasahauliwa? Kisheria, kwa upande wa Uingereza, wamiliki hubaki na dhima bila kikomo cha muda. Yeye aliona kwamba sheria haijawahi kuishi muda mrefu kama zege.

Tanzania ina Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, inayotaka mwenye leseni aandae mpango wa kufunga pamoja na mfuko wa kugharamia kazi hiyo, na hilo ni jema, kwa sababu katika nchi ambako gharama za kufunga hukatwa kutoka katika kodi, kama ilivyo Norwei ambako kodi ya petroli hufikia asilimia 78, sehemu kubwa ya mwisho hulipwa na hazina ya umma hata kama mkataji wa chuma ni kampuni binafsi. Lakini mvuvi wa Songo Songo, ambaye kila siku hupita juu ya bomba la kilomita 25 hivi linalokwenda Somanga, na anayejua mahali asipotakiwa kutia nanga kwa kuambiwa na mwenzake, bado hana ramani mkononi. Kuichora ramani hiyo kwa Kiswahili, ikionyesha visima, mabomba na vina, na kuigawa katika mialo ya Kilwa, Lindi na Mtwara, ni kazi ya miezi michache kwa ofisi yenye takwimu, na inaweza kuanza leo, gesi ingali ikitoka.